Kijana, Wanilalia

Ndege ya mapangaboi ilikuwa imeshatulia angani, tunatoka Nairobi kurudi Lamu, mhudumu anagawa maji, mara kiti cha mbele ya Bi mkubwa kikaja nyuma kwa kishindo. "Yallah!" akasema, akashika goti. Alikuwa ametoka kupasuliwa lile goti hospitalini siku chache tu nyuma. Hata chini ya buibui bendeji ilionekana ilivyotuna.

"Kijana, wanilalia."

Kijana kimya, masikio kayaziba kwa spika ndogo. Nikamgusa bega. Akatoa moja, asigeuke: "Kiti nimelipia. Na kitufe kimewekwa kibonyezwe."

Kwa hilo hakukosea. Kitufe si pambo. Nilishasoma kisa cha Marekani cha mwaka 2014: abiria alikitia kiti cha mbele kifaa cha plastiki kisilale, mama aliyekikalia akammwagia maji, na ndege iliyotoka Newark kwenda Denver ikabidi itue Chicago wateremshwe wote wawili. Watu wazima hao! Mimi nasema mwenye kiti ana haki ya kukilaza, na safari ndefu ya usiku simlaumu hata kidogo. Ila huu ulikuwa mchana, mwendo wa saa moja na kitu, na hata nyumba ya nduguyo huingii bila hodi. Huyu shikamoo hakutoa, jicho nyuma hakutupa.

Nilitaka kuendelea, Bi mkubwa akanikataza. Akalishika goti kwa mikono miwili, akaligeuza polepole hadi mguu ukatokeza ujiani, akabaki kakaa upande. Kila mhudumu alipopita na kitoroli, ilibidi aurudishe ndani, kisha autoe tena. "Mwache," akaniambia. "Usingizi wa kununua mtamu."

Tulipoanza kushuka, mhudumu akaja kutaka viti viinuliwe. Kijana akanung'unika. Yule binti akamweleza bila kupandisha sauti: likitokea la kutokea wakati wa kutua, aliye nyuma ya kiti kilicholala anakwama. Na ni kweli. Ndege kubwa hazipewi kibali mpaka zionyeshe kwamba abiria wote waweza kutoka kwa sekunde 90, tena kwa nusu ya milango. Kiti kikainuka.

"Kumbe chainuka," akasema Bi mkubwa, akirudisha mguu.

Uwanja wa ndege wetu uko kisiwani Manda, kwa hiyo ukishuka wateremka gatini, wavuka kwa boti. Nahodha alimsaidia Bi mkubwa kwanza, akamkalisha ubao wa nyuma. Kijana alikuja mwisho na begi lake la magurudumu, na nafasi iliyobaki ilikuwa ubao wa mbele yake. Akaketi, akampa mgongo. Mbao zile hazina egemeo.

Bi mkubwa akamgusa bega kwa ncha ya mkongojo.

"Haya mwanangu, na hapa umelipia. Lala."