Siku mjomba alipokuja kumchukua bibi

Mjomba alifika kijijini kwetu Chamwino mwishoni mwa Machi, akiwa ameshaamua: bibi anahamia Dodoma mjini kupumzika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, na bibi alikuwa ameipita kitambo. Alimkuta uani na wenzake wa rika lake, mlenda umetandazwa kwenye turubai.

"Mbukwenyi," akasalimu. Wakaitika bila kusimamisha mikono.

Mlenda wa kukausha haumngojei mtu. Huchumwa asubuhi umande ukishakauka. Ukichumwa na maji yake unageuka mweusi na kunuka. Mwenye magoti mabovu haendi porini, anabaki kuchambua vijiti. Mwenye macho hafifu anageuza majani juani, kwa kuwa hapo vidole ndivyo vinavyoona: jani likivunjika kiganjani, tayari, likijikunja tu, liache mpaka kesho, la sivyo litaota ukungu na kuharibu mfuko mzima. Na usianike chini hata ukifagia vipi. Mchanga hauonekani kwenye unga wa mlenda, utaujua tonge likiwa mdomoni. Kisha kinu, kisha chekeche.

Bibi ndiye aliyekuwa akikagua na kupanga bei. Mjomba aliona mama yake anateseka juani, basi. Kumkalisha mtu yule mbele ya televisheni ingekuwa kumstaafisha bila kiinua mgongo.

Machi hawauzi: mlenda mbichi uko kila shamba, nani atanunua mkavu? Unatunzwa mpaka Septemba au Oktoba, mboga zinapoadimika. Fedha inaingia kwenye hisa za kikundi, na anayeuguza anakopa humo bila kumpigia mtoto simu. (Jioni hao hao hupiga ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo ni za wanawake. Magoti sijui huwa yamepona saa ngapi.)

"Mama, twende basi."

"Nitakuja Krismasi, mwanangu. Sasa hebu nishikie mfuko, unamwagika."

Akakunja mikono ya shati, akashika. Jioni aliondoka peke yake na maagizo: turubai lisilo na matundu, na ndoo zenye mifuniko inayobana. Ndoo zilizowahi kuwekwa rangi asilete, maana hata zikisuguliwa kwa majivu harufu inaingia kwenye mlenda na wateja wanaurudisha.