Rangi ya chini bado mbichi

Ubao mkubwa nimeshaupiga rangi ya chini, bluu iliyotiwa nyeupe kidogo, na sasa hauguswi. Rangi ya mafuta hukauka kwa maringo masika haya ya Dar. Unagusa pembeni kwa kidole, bado inanata. Hofu yangu huja wakati huu. Nikiwa napiga msasa au nakoroga kopo, mkono una kazi na kichwa kimetulia. Kusubiri ndiko kunakonimaliza. Naitazama ile bluu, maswali yanaanza.

Swali la kwanza siku zote ni lile lile: nani atanunua? Safari hii nataka kuchora Feri, soko la samaki hapa Dar: mnada wa alfajiri, madalali, wanawake na ndoo zao, wabeba mizigo, na kunguru, maana Feri bila kunguru ni uongo. Mfululizo mzima, siyo picha moja. Hakuna twiga hata mmoja. Anayechora kwa ajili ya wageni anajua maana yake: twiga hulipa kodi ya nyumba.

Jana nimemfikiria sana Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake. Alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia hadibodi na rangi ya baiskeli, akapigwa risasi na polisi akafa mwaka 1972. Ni miaka michache mno. Sisi tunaosimulia habari zake hupenda kusema alikuwa na kipaji, na ni kweli, lakini mimi namwonea wivu kwa jambo jingine: hakuna mteja aliyemwambia "hii haifanani na Tingatinga". Mimi mteja huyo ninaye kichwani. Rangi ikiwa bado mbichi anavuta kiti, anakaa.

Nilimpitia mzee mmoja tunayechora naye jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona uso hivyo, unaumwa?"

"Hapana mzee, ile kazi ya Feri inanitisha."

"Ina nini na nini?"

Nikamtajia vyote. Akasikiliza huku akipiga madoa kwenye mgongo wa chui, hata hakuinua kichwa. "Basi leo chora kunguru," akasema. "Feri utaichora siku nyingine."

Nikarudi nikaokota vipande vya hadibodi vilivyobaki kwenye kukata. Kipande kimoja, kitu kimoja. Kunguru kwanza, kisha ndoo, kisha miguu ya mbeba mizigo ndani ya mabuti ya mpira. Kunguru wa pili alitoka vizuri kuliko wa kwanza, yule wa kijivu shingoni. Ndoo imekuwa mbovu, mdomo umepinda, ila sijaifuta. Simu niliiacha chumba cha pili, kwa sababu dakika tano za kutazama kazi za wenzangu hunitosha kuichukia yangu wiki nzima. Sisemi wasiwasi umeisha. Saa kumi jioni ulikuwepo, na nilipokuwa naosha brashi kwa tapentaini bado ulikuwepo.

Kesho kabla ya jua nashuka Feri na daftari. Kuna kitu kimenishinda: dalali anapotaja bei, mkono wake unakuwa juu au unanyooka mbele? Nimejaribu namna zote mbili, na zote mbili anaonekana anamuaga mtu kwenye kivuko cha Kigamboni.