Picha za bibi arusi ni za nani?

Kwenye kupamba, ile sherehe ya arusi ya wanawake peke yao, simu haziingii. Arusi nyingi za huku Mombasa sasa huweka msichana mlangoni na kikapu, kila mgeni anaacha simu yake humo, mabuibui yanavuliwa ndani, na mwenye kamera ni mmoja tu. Huyo mmoja huwa ni mimi. Ndiyo riziki yangu, kupiga picha za kina mama, na ninaitwa kwa sababu ni mwanamke na nina sifa ya kufunga mdomo kuliko kwa sababu ya lenzi zangu.

Sasa mama mmoja wa Kibokoni, tukipatana bei ya arusi ya bintiye, alinikatiza: "Mwanangu, hebu niambie. Hizo unazoweka Instagram zinakuwa za nani?"

Picha za ukumbini huwa siweki, hilo alilijua. Niwekazo ni mikono ya hina, upindo wa gauni, bibi arusi akiwa amegeuka mgongo. Ila alikuwa na kisa chake: bibi arusi mmoja wa jamaa zao alitambuliwa na mtaa mzima kwa pete, na hina yenyewe haijakauka.

Jibu la mkato ni kwamba ni zetu. Meta wenyewe, wanaomiliki Instagram na Facebook, wameandika kwenye masharti ya Instagram kuwa hawadai umiliki wa unachopakia. Watu wengi wakifika hapo hutosheka, na kwa kweli ni wachache wanaofika hata hapo. Mstari unaofuata ndio wenye mambo. Unawapa leseni ya dunia nzima, isiyolipiwa hata senti, wanayoweza kuihamisha au kumpa mwingine, ya kuhifadhi, kutumia, kusambaza, kubadilisha, kunakili, kuonyesha na kutengeneza kitu kingine kutokana na picha ile. Ukiifuta, leseni inakwisha, lakini kama kuna mtu aliyeitumia mle ndani na yeye hajafuta, bado ipo. Kwa hiyo mimi ni mwenye mali, sawa, ila nimeshamruhusu mtu afanye karibu kila nilichokuwa nakifikiria niliposema "yangu".

Shangazi yangu ana dawa yake. Kila baada ya muda huleta kwenye grupu la familia ule ujumbe wa herufi kubwa: SIIPI FACEBOOK RUHUSA YA KUTUMIA PICHA ZANGU, KWA MUJIBU WA MKATABA WA ROMA. Mkataba wa Roma ndio ulioanzisha Mahakama ya ICC kule The Hague, na sisi Wakenya tunaifahamu ile mahakama kuliko wengi. Haijawahi kusikiza kesi ya picha za pilau. Ulikubali ulipofungua akaunti, shangazi, na kubandika tangazo ukutani kwako hakubadilishi ulichokubali.

Kelele za watu wengi kwa pamoja ndizo zilizowahi kubadilisha. Februari 2009 Facebook waliondoa kifungu kilichosema leseni inakwisha ukiondoa ulichopakia, watu wakachachamaa, na baada ya siku chache wakarudisha masharti ya zamani. Desemba 2012 ilikuwa zamu ya Instagram, walioandika maneno yaliyosomeka kana kwamba picha zako zingeweza kuingia kwenye matangazo ya biashara bila wewe kulipwa. Kevin Systrom, mmoja wa waanzilishi, akatoka kusema hawauzi picha za mtu na kifungu kikaondolewa.

Kesi ninayowasimulia wapiga picha wenzangu ni ya Daniel Morel wa Haiti. Tetemeko la Januari 2010 lilimkuta Port-au-Prince, akapiga, akazirusha Twitter kupitia TwitPic, huduma ya kuweka picha huko. Shirika la habari la AFP likazichukua, Getty, wauzaji wa picha, nao wakazisambaza. Alipolalamika, AFP ndio waliotangulia mahakamani, wakidai masharti ya Twitter yaliwapa ruhusa. Jaji wa New York alikataa mwaka 2013: leseni ile ni ya Twitter na wanaofanya nao kazi, si ya kila anayepita. Novemba mwaka huo baraza la wazee wa mahakama likaamuru alipwe dola milioni 1.2. Tamu sana, ila angalia: Twitter wenyewe hakuna aliyewauliza kitu.

Halafu kuna jambo la hapa nyumbani ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, kama hakuna karatasi, picha ya arusi ni ya aliyeiagiza. Na masharti ya mtandao yananitaka nithibitishe kuwa nina haki ya kutoa leseni ile. Kwa hiyo yule mama wa Kibokoni ana swali zito kuliko alivyodhani: nikibonyeza pale, natoa mali yao kwa jina langu.

Na uso wa mtu ni jambo jingine tena. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake, hata kama picha ni ya mwingine. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Walioadhibiwa ni walioposti. Mtandao uliobeba picha haukuguswa, kwa hiyo mimi mwenye kamera najua faini itakapoangukia.

Nikaamua kupakua taarifa zangu zote za Instagram, kile kitufe kilichojificha ndani ya mipangilio. Nilitarajia picha. Picha zilikuwemo, lakini kilichonishika ni faili la namba za simu. Siku niliyoruhusu programu isome simu yangu ilibeba kitabu chote, na majina kama nilivyoyaandika mwenyewe: Mama Arusi Makadara. Fundi wa piko. Bi Mkubwa wa Ganjoni, usipige baada ya Isha. Wanawake hawa hawajabonyeza "kubali" popote, na wengine hawana hata akaunti. Wakinipa namba walinipa mimi.

Mwanafunzi wa sheria wa Austria, Max Schrems, aliomba zake kwa Facebook mwaka 2011 akaletewa kurasa 1,222. Sheria yetu nayo inatupa haki ya kuona data yetu, kupinga inavyotumika na kudai ifutwe. Niliandika kuomba namba zile zifutwe, na usawazishaji, ule unaobeba kitabu cha simu, nimeuzima.

Mkataba wangu sasa una kifungu kipya, cha Kiswahili, herufi za kawaida. Hakimiliki ni ya bibi arusi. Mimi nabaki na ruhusa ya kuonyesha picha kwenye albamu ya mezani. Mtandaoni ni picha kwa picha, anaitazama kwanza, anatia sahihi. Kuhusu akili unde (AI) nimeandika wazi kuwa siwezi kumwahidi kitu: X, iliyokuwa Twitter, walishaandika kwenye masharti yaliyoanza Novemba 15, 2024 kuwa wanavyoweka watu vinaweza kutumika kuifundishia, na Meta wanatumia posti za wazi.

Yule mama alisoma mara mbili, akaazima kalamu, akakata sehemu ya mtandaoni yote. Ya albamu akaiacha, ila albamu nayo, akasema, isifunguliwe mbele ya wanaume. Nikaiandika pembeni, tukatia sahihi.