Ninavyomuuliza kijana kama anafikiria kujiua

Nikiwa mshauri nasaha katika sekondari ya bweni nchini Kenya, neno "kujiua" nalitamka mwenyewe, tena mapema. Walimu wengi hulikwepa wakihofia kumtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa kuulizwa hakuwaongezei mawazo hayo. Waliokuwa hatarini zaidi hata walionekana kupata nafuu.

Kinachonisukuma kuuliza ni badiliko. Aliyekuwa mcheshi amenyamaza; anasinzia darasani kwa kuwa usiku halali; anagawa vitu anavyovipenda; sweta haivui hata jua likiwaka. Kwa wavulana huzuni mara nyingi huja na sura ya hasira, ndiyo maana hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu kabla ya kufika kwangu. Maneno kama "hamtasumbuka nami tena" siyapuuzi kamwe. Aliyewahi kujaribu namtanguliza mbele ya wote. Na mwenye dhiki ya muda mrefu akitulia ghafla bila sababu, namwita siku hiyo hiyo.

Kabla ya lolote namwambia: "Mwanangu, tutakayozungumza yatabaki kwangu, ila maisha yako yakiwa hatarini nitamwambia mtu wa kutusaidia." Ukiahidi siri kamili, siku ya kuivunja imani yote inakwisha.

Kisha nafuata mpangilio wa ASQ, maswali yaliyotungwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. "Wiki chache zilizopita, umewahi kutamani ungekuwa umekufa?" "Umehisi wewe au watu wa nyumbani mngekuwa na nafuu kama ungekufa?" "Wiki hii umefikiria kujiua?" "Umewahi kujaribu?" Akijibu ndiyo hata kwa moja, naongeza la tano: "Na sasa hivi, unafikiria kujiua?" Swali la "Huna mawazo mabaya, sivyo?" linamsukuma aseme hapana. Nikishauliza, nanyamaza. Atachezea fundo la tai, atatazama sakafu, na mimi sijazi kimya hicho kwa nasaha, maana jibu la kweli mara nyingi hutoka hapo.

Akikubali la tano, haachwi peke yake hata dakika moja, hata kwenda msalani, na anafikishwa hospitali siku hiyo. Mawazo yakiwepo bila nia ya sasa, tunaandika mpango wa usalama, ukurasa mmoja kwa mwandiko wake: dalili kwamba hali inambadilika, anachoweza kufanya mwenyewe, wa kukaa naye, mtu mzima wa kumwambia, msaada wa kitaalamu (simu 116 ya watoto, bila malipo, Kenya na Tanzania), na namna nyumba itakavyowekwa salama. Simtaki atie sahihi ahadi ya "sitajiua". Haimkingi, na inaweza kumfunza kuficha.

Nyumba ndiyo kazi ya mzazi, na hapo ndipo navutana na wengi. "Mama, dawa za shamba zinakaa wapi?" Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka, pengine ndani ya saa moja, kwa hiyo kisichofikika saa hiyo kinaokoa. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za kilimo hatua kwa hatua, kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Kufuli bila ulinzi wa ufunguo haifai: ufunguo ubaki kwa mtu mzima mmoja, usiwekwe juu ya kabati. Bora zaidi dawa zihamie kwa jirani. Vidonge vya nyumbani viwe vichache, na mzazi avitoe kwa mkono wake.

Baadhi ya wazazi huficha wakiogopa polisi. Nawaeleza kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba.

Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kubwa. Namwona siku anayorejea, kisha kila baada ya siku chache. Walimu wa darasa huambiwa tu kwamba kazi zake zimepunguzwa na kwamba anaweza kutoka kuja kwangu bila kuomba ruhusa. Gwarideni hatajwi.