Damu yangu haikukataa chuma

Mama mpaka leo anawaambia watu damu yangu ilikataa chuma. Mgeni akiingia tu, chai haijamiminwa, keshaanza, mwanangu alipata ajali ya boda akavunjika mguu akawekewa chuma damu ikakikataa ikabidi kitolewe. Na mimi mwenyewe niliamini hivyohivyo manake wodini ndo stori ya kila kitanda, huyu damu yake imekubali, yule imekataa, kama vile chuma ni kijana kaja kuposa.

Siku ya kunitoa msumari (ule mrefu unaopita ndani ya mfupa wa muundi, sio ile plati ya skrubu) nikamuuliza dokta, akacheka. Akasema mdogo wangu, damu haijakataa kitu, wadudu ndo wamewahi siti. Akaondoka zake, na mimi nikabaki na neno siti kichwani wiki sita za sindano, simu mkononi, bando linakata, nasoma.

Na kumbe ndo lenyewe kabisa. Chukulia gari la Mbagala linaingia Kariakoo saa kumi na moja jioni, tupu. Chuma kikiingia mwilini ni hiyo gari. Seli za mfupa wako zinataka kukaa, bakteria nao wanataka kukaa, na aliyewahi hanyanyuki. Mwaka 1987 daktari Mmarekani, Anthony Gristina, aliliandika hilihili, kwamba ni mbio za kuwahi uso wa kifaa (yeye bahati yake hajawahi kugombania daladala). Seli zikiwahi, mfupa unajijenga mpaka unashikana na chuma. Wakiwahi bakteria, hasa stafilokokasi ambao kila siku tunakaa nao kwenye ngozi bila ugomvi, wanajifunika utando wa ute, kama ule unaoteleza ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa, na wakishakuwa humo dawa inaweza ikahitajika hadi mara 1000 ya kipimo cha kawaida ndo wafe. Ndo maana mimi nilikuwa nameza vidonge kidonda kinafunga, vidonge vikiisha usaha huoo.

Sasa kuna watu wa maabara kazi yao ni kuingilia hayo mbio kwa kukipaka chuma peptidi. Peptidi ni kipande kifupi cha protini, amino asidi chache zimetungwa kama shanga. Inayojulikana sana ina shanga tatu tu, wanaiita RGD. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti kule California walikuwa wanachunguza fibronektini, protini ambayo seli hupenda kujishikiza, wakakuta kinachoshikwa hasa ni arijinini, glaisini na asidi ya aspatiki, basi. Hapa nilisimama kidogo. Protini ina amino asidi zaidi ya 2000 halafu seli inatafuta tatu! Kwa hiyo huna haja ya kupaka protini nzima, ambayo ni ghali na inaharibika haraka, unatengeneza hizo tatu unazigandisha kwenye titaniamu (madini yanayotengenezewa vyuma vingi vya mwilini), seli ikipita inajua hapa ni kwangu. Ni yule jamaa anayerusha begi dirishani gari halijasimama.

Wengine wanaona begi halitoshi, waweke konda mkali mlangoni. Hii ilianza na chura, tena chura wa Afrika, yule mwenye kucha anayeitwa Xenopus laevis. Michael Zasloff alikuwa anawapasua kwa ajili ya utafiti wake Marekani, anawashona, anawarudisha kwenye maji machafu, na vidonda vinapona safi bila usaha. Mimi nalala kwenye shuka safi nanuka, chura yuko kwenye tope anapona. Mwaka 1987 akatangaza peptidi alizokuta kwenye ngozi yao, amino asidi 23, akaziita magainini, kutoka neno la Kiebrania la ngao. Zina chaji chanya, ngozi ya bakteria ina chaji hasi, zinavutwa pale zinaitoboa, wakati seli zetu kwa nje hazina hiyo chaji kwa hiyo zinapona kwa kiasi kikubwa. Na sisi tunazo za kwetu, mojawapo inaitwa LL-37.

Kwa nini basi hatuwekewi? Kwanza chuma kikigusa damu, ndani ya sekunde protini za damu zimeshajaa juu yake, begi lako limefunikwa na mabegi ya watu. Pili mwili una vimeng'enya vinavyokatakata peptidi. Tatu RGD inaita seli za kila aina, sio za mfupa peke yake. Na yule konda ukimgandisha sana kwenye chuma anakosa nafasi ya kurusha ngumi, usipomgandisha anaondoka na damu. Kilichofika sokoni ni kama P-15, peptidi ya amino asidi 15 iliyoigwa kutoka kwenye kolajeni (protini iliyojaa kwenye mifupa na ngozi yetu), inawekwa kwenye chembe za madini ya mfupa kwa operesheni za kuunga pingili za shingo, Marekani waliiruhusu mwaka 2015. Ila ile ni ya kujazia mfupa, msumari wa muundi ni habari nyingine.

Halafu niseme ukweli, kwangu mimi hata ungepakwa peptidi za vyura wote wa Jangwani sidhani. Mfupa ulitoka nje saa mbili usiku, kidonda kimekuja kusafishwa vizuri kesho yake mchana. Wadudu wangu hawakugombania siti, walikuwa wameshageuza na gari.

Msumari wenyewe ninao, uko juu ya kabati kwenye mfuko wa nailoni, unang'aa huwezi kuamini ulikuwa na nini. Juzi mtoto wa dada aliushusha akaniuliza anko, hawa wa chuma chakavu wananunua hii? Nikamwambia kapime kwanza. Haifiki hata nusu kilo.