Kwiri moja ya MySQL na PostgreSQL: UNION ilivyomeza mzigo wa mama wa Kiwira

Naandika nikiwa na furaha, maana kazi hii imenila wiki mbili na bando la kama elfu thelathini.

Chama chetu cha wakulima wa parachichi hapa Tukuyu kinatumia programu mbili za hifadhidata: MySQL kwenye vituo vya kupimia, na PostgreSQL ofisini Mbeya mjini. Ripoti ya wiki inaoanisha mizigo na malipo: mzigo ambao haujalipwa uonekane, na malipo ya awali yasiyo na mzigo yaonekane pia. Kwenye PostgreSQL ni FULL JOIN tu (inaoanisha majedwali mawili na kubakiza hata mistari isiyo na mwenzake, kila upande), umemaliza. MySQL haina FULL JOIN mpaka leo, nami nilitaka kwiri moja, yaani agizo moja la kuiuliza hifadhidata, ifanye kazi kote.

Niliowauliza wote jibu lilikuwa moja: LEFT JOIN (inabakiza mistari yote ya jedwali la kushoto), kisha RIGHT JOIN (ya jedwali la kulia), unganisha matokeo kwa UNION. Ikakubali pote pawili, nikaisambaza vituoni.

Jumamosi akaja mama mmoja kutoka Kiwira. Akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi mbili, akazinyoosha mezani kwa kiganja. Tarehe moja, kilo 38, na kilo 38. "Mwanangu, asubuhi nilileta, jioni nikaleta tena. Karatasi yenu inasema mara moja."

Kweli, mstari ulikuwa mmoja. UNION hufuta mistari inayofanana, na namba ya stakabadhi sikuiweka kwenye ripoti. Mizigo yote miwili ilikuwa haijalipwa, kwa hiyo mistari yake ilifanana herufi kwa herufi. Iliniuma sana, lile ni jasho la mtu. Anayetoa ushauri ule bila kutaja hatari hii anawakosea watu.

Usiku ule nikaiandika upya:

SELECT ... FROM mapokezi LEFT JOIN malipo ON ...
UNION ALL
SELECT ... FROM malipo LEFT JOIN mapokezi ON ... WHERE mapokezi.stakabadhi IS NULL

UNION ALL huunganisha bila kufuta mistari inayofanana. Nusu ya kwanza inabeba mizigo yote, ya pili inaokota malipo yaliyokosa mzigo tu. RIGHT JOIN niliitupa. Kwenye nusu ya kwanza, sharti la tarehe ya malipo liweke kwenye ON (sharti la kuoanisha). Ukiliweka kwenye WHERE (kichujio cha baada ya kuoanisha), wasiolipwa wote wanatoweka.

Halafu namba za utambulisho za wakulima: kwa MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ry014 na RY014 ni mtu mmoja, kwa PostgreSQL ni wawili. Nikazungushia UPPER (inageuza herufi zote kuwa kubwa) pande zote.

Jumamosi iliyofuata mama alilipwa kilo 76.