Mabinti wa Madyan na Baba Yao Mzee

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Ijumaa hii tukae kidogo na aya ya 23 na ya 24 za Surat al-Qasas. Musa (a.s.) amefika Madyan akimkimbia Firauni, mgeni asiye na pa kulala. Penye maji wachungaji wamejazana, na pembeni wamesimama mabinti wawili wakizuia wanyama wao. Anawauliza wana nini. Wanamjibu kuwa hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana.

Yule mzee Musa hajamwona bado. Hakumpelekea futari wala hakumbusu mkono. Aliwanyweshea mabinti wanyama wao, akaenda kivulini kumwomba Mola wake. Na mzee kule nyumbani akawa ameshasaidiwa.

Zanzibar kwa wazee, alhamdulillahi, hatukulala. Pensheni Jamii inatolewa tangu Aprili 2016 kwa mwenye miaka 70 na zaidi, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba za wazee zipo Sebleni, Welezo na, kwa Pemba, Limbani. Ni kheri kubwa. Ila pensheni haimgeuzi mzee kitandani usiku.

Anayemgeuza mara nyingi ni binti, au mkwe. Katika vijiji vya mwani, iwe Paje au Micheweni, siku za bamvua zikifika, maji yanapokupwa sana na mwani kufikika, wenzake washashuka pwani na kamba zao, yeye yumo ndani kwa sababu mama haachiki peke yake. Bamvua likipita, na kipato kimepita. Sisi tukikutana naye tunamwambia atapata radhi za mzazi, kisha tunashika njia. Radhi atapata, inshallah. Fedha ya skuli ya watoto je?

Na makaka nao! Wako wanaotuma fedha kila mwezi kutoka mjini au Muscat wakajiona wamemaliza. Fedha isikatwe. Lakini kumkogesha baba, kwa stara yake, kunamstahiki zaidi mtoto wa kiume kuliko binti, na hili tunalikwepa.

Basi leo baada ya sala, ukishamjulia hali mzee wa jirani, muulize na anayemuuguza: nani anakupokea zamu? Akisema hakuna, bamvua lijalo nenda ukakae na babu mpaka maji yajae. Kwa bibi, aende mkeo au dada yako.